Sindano Ugenini

Mwenye ugonjwa wa kisukari hujifunza upesi kujidunga sindano ya insulini nyumbani kwake. Kazi ngumu huanza anapotoka. Awapo safarini au ugenini kati ya watu, hujiuliza: je, nijidunge mahali gani pa mwili? Na mara nyingi aibu ndiyo inayojibu, si akili. Ndivyo ilivyokuwa kwetu sisi tunaoandika maneno haya.

Kwa miaka kadhaa tulikuwa na hila yetu. Tulifungua kifungo kimoja tu cha shati, tukageukia ukutani, tukajidunga tumboni upande wa kulia, daima pale pale. Hakuna aliyeona. Siku zikapita, pakaota kivimbe laini kisichouma. Na kwa kuwa hakikuuma, tulizidi kupapenda mahali pale. Lakini sukari katika damu ilizidi kupanda, na kipimo cha dawa kikaongezwa mara kwa mara. Habari za kivimbe hatukumwambia mganga, naye angejuaje?

Basi tulisafiri kutoka Lubumbashi hata Mokambo, pale mpakani mwa Zambia, kwa harusi ya binamu yetu. Shangazi alitupa chumba tuoge. Tulipojiona peke yetu tukasema, leo tuna nafasi, tudunge pajani. Tukadunga kipimo kile kile kikubwa. Kumbe bukari ilikuwa bado, kwa maana wazee waliotoka Mufulira, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wamecheleweshwa na msururu wa malori. Tuliona haya kuomba chakula kabla yao, tukafuatana na vijana kwa miguu kwenda kuwalaki.

Hatukufika. Jasho baridi lilitutoka, mikono ikatetemeka, maneno yakapotea kinywani. Kijana mmoja akacheka, "Kaka amekwisha kulewa!" Wakaturudisha kwa shangazi kama mlevi. Lakini yeye alikuwa amemwuguza mumewe kwa ugonjwa huu huu. Akapaza sauti, "Huyu si mlevi! Leteni chai, tieni sukari nyingi!" Tulipopata fahamu sawasawa akatuambia kwa upole, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia? Ningalikupa chakula mapema."

Tuliporudi Lubumbashi, mama muuguzi alikipapasa kivimbe kwa vidole, akatueleza. Kivimbe kile ni mafuta yaliyoota chini ya ngozi kwa kudungwa pale pale kila siku. Dawa ikiingia humo huenea polepole, tena bila utaratibu. Tulipohamia ngozi nzima, kipimo kile kile kilifanya kazi kwa nguvu. Tena mguu unaotembea huharakisha dawa iliyodungwa pajani. Na chakula hakikuwapo.

Mahali pa kudunga ni pengi: tumbo, lakini mbali kidogo na kitovu, mapaja, upande wa mbele na wa nje, mkono, nyuma yake juu ya kiwiko, na makalio, sehemu ya juu upande wa nje. Insulini ya kawaida inayotangulia chakula huingia damuni upesi zaidi kutoka tumboni. Kutoka pajani na makalioni hukawia. Kwa hiyo, atakayetembea sana au kupanda baiskeli asidunge pajani. Kila mara tusogee upana wa kidole kimoja, tusirudi pale pale. Dawa hii hudungwa yapata nusu saa kabla ya kula. Basi ugenini tuulize kwanza, chakula kitakuwa tayari saa ngapi? Mfukoni pasikose sukari. Na mwenye kivimbe asikihame kimya kimya, bali amwone muuguzi kwanza, maana pengine kipimo hakina budi kupunguzwa.

Tukumbuke pia dawa hii ni nini. Zamani mtoto aliyepata kisukari cha namna hii alikuwa akifa. Mwaka 1921, mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Kitu kinachotuokoa namna hii, kwa nini tukifiche kama wizi?

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku hizi, tukifika Mokambo, twamwambia shangazi mlangoni. Yeye hutazama chungu chake, kisha husema, "Bado, mwanangu, ngoja." Au husema, "Haya, dunga sasa." Nasi twainua shati bila hofu, upande wa kushoto ikiwa jana ilikuwa kulia.