Siku Hizi Hata Kizuri Hujitembeza

Wahenga walituambia kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Mpenzi msomaji, wahenga hao hawakuwahi kuuza herini kwenye simu. Siku hizi hata kizuri sharti kijitembeze, mchana na usiku, kikijipenyeza kati ya picha za harusi za watu na matangazo ya ploti. La sivyo, hakuna atakayejua kwamba kipo duniani.

Nakuandikia haya kwa sababu hazipiti siku nyingi kabla ya mwanafunzi wa chuo au mama mwenzangu kuniuliza swali lile lile: "Mama, nasikia mapambo ya shanga yanalipa mtandaoni. Nianzie wapi?" Mimi hutengeneza herini, mikufu na bangili nyumbani kwangu mtaani Umoja, Nairobi, na kuziuza kupitia simu. Kazi hii ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na karo ya wanangu wawili. Kwa hivyo nitakujibu kama ambavyo ningemjibu binti yangu, bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwanza, ifahamu kazi yenyewe. Shanga si jambo geni kwetu. Katika pango la Enkapune Ya Muto, magharibi mwa Ziwa Naivasha, wataalamu walichimbua shanga za maganda ya mayai ya mbuni ambazo umri wake unapita miaka 30,000. Zile ndogo ndogo za vioo ambazo leo tunaziita za Kimaasai zililetwa baadaye na wafanyabiashara kutoka ng'ambo, na hadi sasa nyingi hutengenezwa katika Jamhuri ya Cheki na China. Mafundi wa Kibera nao huyeyusha kufuli na mifereji mikuukuu ya shaba wakafua mapambo, na huchonga mifupa na pembe za ng'ombe zikang'aa ajabu. Malighafi basi ipo. Usiguse tu pembe za ndovu wala kitu kingine cha mnyama wa porini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haina mzaha.

Zana hazikufilisi. Koleo mbili ndogo, mkasi, sindano nyembamba, uzi wa nailoni, waya na rula. Lakini usibane shilingi kwenye kulabu za herini. Zile za bei ya chini mara nyingi huwa na nikeli, na kuna masikio yanayowashwa na kuvimba yakiguswa na madini hayo. Mteja aliyevimba sikio harudi, na hanyamazi pia.

Pili, kumbuka kwamba duka lako ni picha. Mteja hawezi kuishika herini wala kuijaribu mbele ya kioo. Piga picha asubuhi karibu na dirisha, kwani jua la adhuhuri hutia vivuli vikali na taa ya stima hugeuza cheupe kuwa manjano. Mimi hupiga tatu: ya kwanza herini ikiwa juu ya kitambaa kisicho na maua, ya pili ikiwa sikioni mwa mtu, na ya tatu ikiwa kando ya rula. Ile ya rula haina urembo wowote, lakini ndiyo inayozuia yale malalamiko ya "mbona ni ndogo, nilidhani ni kubwa?" Andika pia bei hapo hapo hadharani. Wanaoificha bei wakitaka mteja aiulize faraghani humchosha, akahamia kwa jirani.

Kuhusu malipo, tushukuru kwamba tangu M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007 hakuna haja ya kuwa na duka la saruji ndipo ulipwe. Lakini matapeli nao wapo kazini. Usikubali kuonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mnunuzi. Hata ule ulioingia kwenye simu yako, hakikisha kwa kuangalia salio, kisha ndipo ufunge kifurushi. Cha hapa jijini mpe wa bodaboda, cha Kisumu au Mombasa kipande basi, na cha ng'ambo kipeleke Posta kikapimwe uzani kabla hujamtajia mteja gharama. Kuna nchi ambako ushuru umebadilika majuzi tu. Marekani, kwa mfano, ilisitisha mwezi Agosti 2025 ule msamaha wa vifurushi vilivyo chini ya dola 800.

Sasa tuingie penye mwiba wenyewe, nao ni bei.

Chukua jozi moja ya herini zangu za kawaida. Shanga ni Sh60. Kulabu na uzi, Sh30. Kifuko cha karatasi, Sh20. Hapo ni Sh110. Wengi hukomea hapo, wakauza kwa Sh200 na kusema wamepata faida ya Sh90. Je, zile saa mbili walizoinama juu ya sindano hadi macho yakatoa machozi zilikwenda wapi? Katika hesabu yangu, saa moja ya mtunga shanga ni Sh150. Kwa saa mbili ni Sh300. Nauli ya kwenda kununua vifaa na intaneti ya simu huongeza Sh40 kwa kila jozi. Jumla ni Sh450, nami huuza kwa Sh600. Atakuja mtu akuandikie, "Mbona ghali hivyo, na ni shanga tu?" Usimtukane. Mweleze mara moja kwa adabu, kisha umwache aende.

Hesabu hii si ya karatasini tu. Miaka miwili iliyopita duka moja la ng'ambo liliziona picha zangu likaagiza jozi 400 kwa mpigo. Wakati huo tulikuwa wanne, mimi na akina mama watatu ninaowalipa kwa kila jozi wanayotunga. Sh120,000! Tulipiga vigelegele. Kisha nikachukua daftari. Sh120,000 ukizigawa kwa 400 ni Sh300 kwa jozi. Isitoshe, duka hilo lingelipa siku 60 baada ya kupokea mzigo, na vifaa peke yake vilihitaji Sh44,000 kutoka mfukoni mwangu. Njia ya pekee ya kuifanya kazi ile bila hasara ilikuwa kuwapunguzia akina mama malipo kutoka Sh300 hadi Sh150 kwa jozi, nami nisibaki na hata ndururu.

Niliwaita nikawasomea hesabu yote. Wawili walisema hapana. Wa tatu, mama wa watoto watano ambaye mkubwa wao alikuwa amefukuzwa shule kwa sababu ya karo, alinitazama akasema: "Dada, wewe una nafasi ya kukataa. Mimi Sh150 ninazihitaji leo."

Msomaji, maneno yale yalinikosesha usingizi, kwa maana yalikuwa ya kweli. Mwenye njaa haambiwi kuhusu heshima ya kazi. Lakini nilijua pia kwamba bei tukishaishusha kwa nusu, mnunuzi yule hangekubali kamwe kuipandisha, na wengine wangedai vivyo hivyo. Niliandika barua nikapendekeza jozi 100 kwa Sh500, nusu ya fedha itangulie. Sikujibiwa. Mwezi uliofuata yule mama aliacha shanga akaenda kufua nguo katika mitaa ya matajiri. Tukikutana husalimiana vizuri. Kuna wiki, aniambia, ambazo hupata zaidi ya aliyokuwa akipata kwangu, na kuna wiki ambazo hapati chochote.

Nimekusimulia haya ili ujue kwamba biashara hii, hata ikiwa ndogo ya kutosha kwenye kopo la biskuti, ina watu ndani yake. Kila unapoandika bei chini ya picha, unapanga pia mlo wa mtu fulani. Ukijiuza rahisi wewe uliye na mume mwenye mshahara, au wewe mwanafunzi unayelishwa na wazazi, unamvuta chini mjane anayeitegemea sindano hiyo kwa kila kitu.

Je, inafaa kuanza? Naam, ikiwa huna pupa. Kule Karen, Nairobi, karakana ya shanga za udongo ya Kazuri ilianzishwa mwaka wa 1975 ikiwa na wanawake wawili tu waliolea watoto peke yao, na baadaye ikaajiri mamia. Sisi tuliosalia watatu hatujafika huko. Lakini kodi inalipwa, na kila mtunga shanga hupata pesa zake siku ile ile anapokabidhi kazi.

Basi anza na jozi kumi. Tengeneza aina tatu unazozijua vyema badala ya aina 20 za kubahatisha. Usinakili mtindo wa mwenzako ukabadilisha rangi moja ukasema ni wako. Wape ndugu na marafiki bei kamili, kwani wakikupenda watalipa. Na kabla ya kununua hata shanga moja, nunua daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika hilo wahenga walisema kweli tupu. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo, juu kabisa, andika thamani ya saa yako moja. Vifaa vije baadaye.