Mwajiri Anaijua Nusu ya Mwaka Wako

Leicester, Uingereza

Ndugu zangu wa Migori na Homa Bay,

Huku Januari ni mwezi wa hesabu. Tarehe 31 ndiyo siku ya mwisho kwa aliyejiajiri kuwasilisha ritani yake ya kodi kwa njia ya mtandao na kulipa anachodaiwa, na anayechelewa kuiwasilisha hata kwa siku moja hutozwa pauni 100. Dereva wa teksi, fundi wa mabomba, kinyozi, mama anayepikia watu vyakula vya sherehe: kila mmoja anarudi kazini jioni na kuinamia risiti zake. Wenye mshahara wengi wanalala bila wasiwasi huo, kwa kuwa tangu mwaka 1944 waajiri wa nchi hii wamekuwa wakiwakatia kodi kila siku ya malipo. Mimi nawaandikia kuhusu mtu aliye katikati ya makundi hayo mawili, yule anayetoka kwenye kujiajiri na kuingia kwenye mshahara.

Kwetu watu hao ni wengi. Mwalimu aliyehitimu huuza omena Mbita au huendesha bodaboda Awendo akisubiri kuitwa na tume ya walimu, TSC. Mwingine hufungua duka Isebania mpaka kaunti itangaze nafasi. Barua ya ajira ikifika, nyumba nzima hushangilia, na mambo ya ushuru huonekana yamekwisha kwa kuwa sasa yupo karani wa kuukata. Nasema hapo ndipo yanapohitaji uangalifu zaidi. Karani hukata kwa kile anachokiona, naye anauona mshahara tu. Mwajiri anaijua nusu ya mwaka wako; nusu nyingine unaijua wewe, na sheria inakutaka uieleze. Usipoieleza, huenda ukawa mdaiwa bila kujua, au ukaiachia serikali pesa ambazo ni zako.

Tupige hesabu. Tuseme fundi wa simu mjini Rongo alipata faida ya shilingi 30,000 kila mwezi kuanzia Januari hadi Juni, na mauzo yake ya mwaka hayafiki milioni moja, kwa hiyo hayumo kwenye ushuru wa mauzo. Julai akaajiriwa Homa Bay kwa shilingi 60,000. Tukiacha kando makato ya bima ya afya, akiba ya uzeeni na nyumba, karani atamkata ushuru wa takriban shilingi 10,383 kwa mwezi, yaani 62,300 hadi Desemba. Lakini Kenya hupima kipato cha mtu kwa mwaka mzima, Januari hadi Desemba. Fundi huyu amepata jumla ya shilingi 540,000. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na 152,000 zilizobaki asilimia 30. Hiyo ni 99,400. Ondoa nafuu ya binafsi ya 28,800, unabaki na ushuru wa 70,600. Pengo ni shilingi 8,300. Karani hakukosea popote, wala fundi hakuiba, ila deni lipo, na mwisho wa kulilipa ni 30 Aprili. Anayelikumbuka Juni, watu wanapokimbilia saiba kuwahi tarehe 30 ya kuwasilisha ritani, tayari ana adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi.

Sasa geuza upande wa pili. Mwenzake aliajiriwa Julai kwa mshahara uleule, lakini biashara yake haikumpa faida yoyote miezi sita ya kwanza. Naye amekatwa 62,300. Kwa hesabu ya mwaka, kipato chake ni shilingi 360,000 na ushuru wake halali ni 18,000 tu. Amelipa zaidi ya inavyopasa kwa shilingi 44,300, na ana haki ya kuzidai zirudishwe ndani ya miaka mitano. Asipojaza ritani kwa fomu yake ya P9, inayoonyesha mshahara na ushuru aliokatwa, au akijaza sifuri kama wafanyavyo wengi wanaoharakishwa saiba, pesa hizo hazitamfuata nyumbani. Sheria ni moja na mshahara ni mmoja; kinachowatofautisha mdaiwa na mdai ni ile nusu ya mwaka ambayo mwajiri haijui.

Kuna pia mlango wa zamani unaobaki wazi. Mfanyabiashara wa omena ambaye mauzo yake yalikuwa kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa ushuru wa mauzo, asilimia 3 tangu Julai 2023, na huwasilisha ritani kila mwezi kabla ya tarehe 20 kupita. Akifunga kibanda na kwenda kufundisha, mfumo wa ushuru wa mtandaoni, iTax, hauoni kibanda kilichofungwa. Unaona wajibu ulioandikwa kwenye namba yake ya mlipa ushuru (PIN), na unasubiri ritani. Faini ya kutoiwasilisha ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Asipoomba wajibu huo uondolewe, miaka miwili darasani inaweza kumlimbikizia shilingi 24,000 kwa biashara ambayo haipo.

Mtu atasema huo ni uzito wa mifumo ya kwetu. Hapana. Huku anayehama kazi hupewa hati ya P45, na mwajiri mpya huendeleza hesabu ya ushuru pale ilipoachwa. Hata hivyo hati hiyo haisemi lolote kuhusu faida ya kinyozi. Mara nyingi aliyejiajiri hutakiwa kulipa kodi ya mwaka mpya mapema kwa mafungu mawili, Januari na Julai, yakikadiriwa kwa bili ya mwaka uliopita. Akiingia kwenye mshahara, madai hayo huendelea kuja mpaka yeye mwenyewe aombe yapunguzwe na aseme kwamba ameacha biashara. Nchi yenye mitambo mingi hivi bado inamtegemea mwananchi aseme neno la kwanza.

Wengine watauliza: kipato kilikuwa kidogo, kwa nini mnyonge asumbuliwe? Tazameni tena ile hesabu. Asilimia 10 ya shilingi 288,000 ni 28,800, sawasawa na nafuu ya mwaka. Ambaye faida na mshahara wake kwa pamoja havizidi shilingi 288,000 kwa mwaka hadaiwi ushuru wa mapato hata senti. Unyonge wake umekwisha kuzingatiwa na sheria, na ritani ndiyo ushahidi wake. Akinyamaza, anaikosa kinga aliyowekewa.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: kwa nini nihangaike kuwa mkweli ilhali pesa za umma zinaliwa? Hasira hiyo ni halali. Ndiyo iliyowatoa vijana barabarani Juni 2024 mpaka Mswada wa Fedha ukaondolewa. Ila tukumbuke wazee wetu wa Nyanza. Mwaka 1921 walikusanyika kupinga, pamoja na mengine, kodi iliyopandishwa hadi shilingi 16, na baadaye ikateremshwa hadi 12. Chama walichokianzisha kilipoundwa upya mwaka 1923 kiliitwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Walijitambulisha kwa jina la walipa kodi, na aliyetoa ana haki ya kuuliza. Ritani iliyo sawa haimsafishi mwizi wa mali ya umma. Inakupa wewe haki ya kusimama mbele ya mwakilishi wa wadi na kumwambia: changu kimo humo.

Mzigo huu haufai kumwangukia mwananchi peke yake. Kila mwajiri, kuanzia serikali za kaunti zetu mbili, angepaswa kumuuliza mwajiriwa mpya siku ya kwanza: PIN yako ina wajibu gani mwingine? Swali hilo halina gharama, na wahudumu wa vituo vya Huduma wanaweza kusaidia kulitatua. Lakini msisubiri kuulizwa. Wiki ile ile barua ya ajira inapofika, funga daftari la biashara kwa tarehe, andika faida ya miezi iliyopita, hifadhi taarifa za M-Pesa na risiti, kisha omba wajibu wa zamani uondolewe. Januari ikifika, uwe tayari unajua kama unadaiwa au unadai.

Ni mimi ndugu yenu wa ughaibuni.