Chanjo ya Kunywa Iliyonirudisha Bandani

Nafuga kuku wa mayai Kibaha, mkoani Pwani. Naandika kwa ajili ya wenzangu ambao banda limebaki kimya na mkopo bado unadaiwa.

Homa ya matumbo ya kuku haikuniingilia kwa kishindo kama mdondo. Trei za mayai zilianza kupungua, vilemba vikapauka, kinyesi kikawa cha njano iliyochanganyika na kijani. Kisha ikawa kila asubuhi naokota mizoga. Daktari wa mifugo alipoupasua mmoja, ini lilikuwa limevimba na kugeuka rangi ya shaba. Maabara ikathibitisha: Salmonella Gallinarum.

Antibiotiki zilipunguza vifo, lakini mayai ya kuku aliye kwenye dawa hayauzwi mpaka muda wa kusubiri uishe, na chakula wanakula vilevile. Isitoshe, kuku aliyepona huendelea kubeba vimelea, akivimwaga kwenye kinyesi na hata kuvipitisha ndani ya yai. Nikawaondoa wote. Wenzangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, walinivumilia deni, Mungu awabariki, benki isingenisubiri.

Tulichoma maranda, tukaosha banda, tukapulizia dawa na kuwasaka panya, maana panya huhifadhi Salmonella hata banda likiwa tupu. Vifaranga wapya nikachukua kwa mtotoleshaji ambaye kuku wake wazazi hupimwa.

Daktari aliponitajia chanjo ya kunywa nilisita. Ni bakteria hai waliodhoofishwa, aina ya Salmonella Enteritidis, ndugu wa karibu wa yule aliyenifilisi. Niwanyweshe tena? Akanihadithia ya Uingereza, ambako mwaka 1988 naibu waziri Edwina Currie alijiuzulu baada ya kusema mayai mengi ya nchi yake yana Salmonella. Wafugaji wa huko walipoanza kuchanja kuku wao kwa wingi, watu waliougua Salmonella walipungua sana.

Nikakubali. Dozi ya kwanza vifaranga walipofika, ya pili karibu wiki ya 7, ya mwisho karibu wiki ya 16. Kwa kuwa iko hai, chanjo hii hufa upesi. Klorini huiua, kwa hiyo maji ya bomba niliyaacha, nikatumia ya mvua na kuchanganya maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Antibiotiki ni marufuku siku 3 kabla na siku 3 baada. Alfajiri nilitoa vyombo vya maji ili wapate kiu, kisha nikawawekea chanjo, wakaimaliza kabla jua halijapanda. Kuichanganya saa sita mchana, kwa joto letu hili, ni kutupa pesa.

Daktari hakunidanganya kwamba homa ya matumbo haitarudi kamwe. Alisema makali yatapungua. Panya bado nawasaka. Kuku wale walitaga mpaka nikawauza wakiwa wazee, na deni la VICOBA nimelimaliza.

Mfugaji mwenzangu, muulize daktari wako wa mifugo kuhusu chanjo hii mapema, matetea wakiwa bado wadogo. Wakishaanza kutaga, muda wake umepita.