Uhuru Kwanza: Randy Weston na Neno Letu

Tulipowasikilizisha wanafunzi wetu santuri ya Uhuru Afrika kwa mara ya kwanza, walicheka. Walitazamia Kiingereza, maana tulikuwa tumewaambia kwamba huo ni muziki wa jazi kutoka New York; badala yake, juu ya mdundo wa ngoma, ikawafikia sauti ya mtu anenaye Kiswahili. Kicheko kile hatukukikemea. Sisi wenyewe tulikuwa watu wazima tulipopata habari kwamba msemaji yule, Tuntemeke Sanga, alikuwa Mtanganyika, na kwamba santuri hiyo ilirekodiwa Novemba 1960, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya bendera yetu kupandishwa.

Mtunzi wake, Randy Weston, alizaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926. Mama yake alitoka Virginia. Baba yake, mzaliwa wa Panama mwenye asili ya Jamaika, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey. Baba huyo ndiye aliyemlazimisha mwanawe kujifunza piano, na ndiye aliyemfunza tangu utotoni kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Funzo hilo lilihitaji moyo, kwani sinema za siku zile ziliionyesha Afrika kuwa pori la washenzi. Kijana akakua, akafikia kimo cha kama mita mbili, mwenye mikono mipana iliyoweza kukamata kwa mpigo mmoja sauti zilizo mbalimbali. Katika upigaji wake twasikia athari ya Thelonious Monk: sauti chache zilizogongwa kwa nguvu, kisha kimya, kisha kishindo cha mkono wa kushoto mithili ya ngoma kubwa.

Weston alitaka kutunga kazi ya kuzipongeza nchi za Afrika zilizokuwa zikijikomboa. Mwaka 1960 pekee zilikuwa 17. Hapo alikabiliwa na swali ambalo sisi walimu wa lugha twalijua vema: Afrika inene kwa lugha gani? Aliwauliza wajumbe wa Kiafrika katika Umoja wa Mataifa, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Langston Hughes alitunga shairi la uhuru, likatafsiriwa. Melba Liston, mwanamke hodari wa tromboni, akaupanga muziki wa bendi yenye wapigaji zaidi ya ishirini, na miongoni mwa wapiga ngoma alikuwamo Olatunji wa Nigeria. Sehemu ya kwanza iliitwa Uhuru Kwanza, maneno ambayo yangeweza kutamkwa siku zile katika mkutano wowote wa TANU. Ya mwisho iliitwa Kucheza Blues, jina ambalo, tukiri, laweza kumkera mwalimu wa sarufi. Makaburu wa Afrika Kusini hawakushughulika na sarufi: mwaka 1964 waliipiga marufuku santuri hiyo.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Weston hakuwa msemaji wa Kiswahili. Aliliazima neno letu kwa heshima, kama sisi tulivyoliazima neno lake. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, na wapenzi wao walicheza dansi ambalo lilikuwa na damu ya Kuba kuliko ya New York. Hivyo neno jazi lilivuka bahari kuja kwetu bila ya muziki wake, na neno uhuru likavuka kwenda kwao bila ya lugha yake. Sisi hatuoni aibu katika hilo. Aibu ingekuwa kuridhika na jina.

Weston hakuridhika. Alikwenda Nigeria mwaka 1961 na tena mwaka 1963. Mwaka 1967 alizuru nchi nyingi za Afrika kwa niaba ya serikali yake, ziara ikaishia Moroko, naye akarudi kuishi huko. Mjini Tangier alifungua klabu, lakini kubwa zaidi ni kwamba aliketi na Wagnawa, wazao wa watu Weusi waliopelekwa kaskazini kwa kuvuka Sahara, wengi wao wakiwa watumwa. Mtu aliyekwisha kusifiwa New York alikubali tena kuwa mwanafunzi, akisikiliza gimbri, chombo chao cha nyuzi kilichowambwa ngozi. Mwaka 1992 alirekodi pamoja na mabingwa wao, na katika santuri hiyo piano haisikiki ila kidogo sana. Mabingwa ndio wanaosikika. Alifariki Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na umri wa miaka 92.

Siku ile darasani, kicheko kilipotulia, mwanafunzi mmoja alituuliza ni nani aliyemfundisha Mmarekani yule neno uhuru. Tulianza kumweleza habari za Garvey na za yule baba wa Brooklyn, kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka. Walitaka kwanza tuirudie ile sehemu ya Kiswahili.