Ua ambalo Mama alilikataa

Wiki hii ni zamu yangu kuandika, na najua mlingoja habari za masomo au za mpira. Mimi nataka kuwaambia kuhusu ua. Msicheke kwanza.

Waridi la jangwani mnalijua, lile lenye shina lililovimba chini kama chupa, na maua mekundu yenye weupe katikati. Hapa Turkana linaota lenyewe kwenye mawe, hakuna anayelimwagilia. Rafiki yangu Mturkana alinikatia tawi moja, nikalileta nyumbani Kakuma 3 kama mtu aliyeokota pesa.

Mama akauliza, "Hilo linaishi muda gani?" Nikasema miaka mingi. Akalikataa palepale. "Sisi tunapanda mchicha, mwanangu. Mchicha, wiki chache umekula. Cha miaka mingi kinapandwa na mtu anayebaki."

Nyinyi wa mashirika, mkishangaa kwa nini watu wanachangamkia bustani za gunia lakini mche wa mti wanauacha ukauke, kwetu sababu ilikuwa hiyo. Kesi yetu ilikuwa imefika mbali. Mahojiano tayari, medikali tayari. Mama alishaanza kugawa masufuria.

Basi nikalipanda kwa kujificha, nyuma ya bafu. Na nikaliua. Nililipanda siku ileile, likiwa bado na kidonda kibichi, nikawa nalimwagia kila jioni maji niliyoyaiba kwenye jerikani la kupikia. Baada ya wiki mbili nililigusa chini, likabonyea kama embe lililooza. Foleni yote ile ya bomba, kumbe nalizamisha!

Rafiki yangu alicheka sana, akanikatia lingine. Mara hii nililiweka kivulini wiki nzima mpaka pale lilipokatwa pakakauka. Nikakata jerikani bovu katikati, nikalitoboa chini kwa msumari wa moto, nikajaza mchanga wa lagga, kokoto, na mbolea kidogo ya mbuzi iliyokwisha zeeka. Maji mara moja kwa wiki, na kama mchanga bado una unyevu, siweki. Basi. Mbuzi wa jirani walikuja wakanusa, wakaenda zao. Wana akili: utomvu wake ni sumu, sehemu nyingi za Afrika wawindaji walipaka kwenye mishale. Kwa hiyo nililizungushia miiba kwa sababu ya wadogo zangu, na kila nikiligusa nanawa kwa sabuni. Hapo msifanye mchezo.

Halafu ikaja Januari 2025, Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi. Sitaandika mengi, wengi wenu mlikuwa kwenye orodha kama sisi. Mama hakulia. Alienda kwa jirani kuomba sufuria moja irudi, na hiyo ndiyo iliniuma kuliko habari yenyewe.

Siku hizo ua nalo lilidondosha majani yote, likabaki vijiti. Nilijua ni kawaida yake wakati wa ukame, lakini sikuwa na nguvu ya kumweleza mtu. Mama, ambaye kumbe alilijua siku zote (nyuma ya bafu utaficha nini?), akasema, "Limekufa na hilo." Nikasema, "Hapana Mama, linangoja." Akanitazama vibaya. Hilo neno nyumbani kwetu halipendwi.

Likatoa maua bila jani hata moja. Mama hakusema kitu. Ila kesho yake nilikuta jerikani limehamishwa, liko mbele ya mlango.

Sasa limetoa maganda mawili, yamekaa kama pembe za mbuzi. Ganda likikauka linapasuka, na mbegu zina manyoya pande zote mbili, upepo wa hapa unazichukua zote kabla hujageuka. Ijumaa nilitaka kuyafunga, nikakuta yameshafungwa kwa uzi mweusi wa cherehani. Nyumbani kwetu mwenye cherehani ni mmoja. Nilipomtazama alisema tu, "Mbegu zisipotee bure. Hata anayeondoka anaachia jirani."

Maganda yakikauka nitawaambia hapa. Anayetaka mbegu aje na kopo lake, alitoboe chini kwanza.