Kalipa, Kamvua, Kamrudisha

Siku yangu ya mapumziko ni Jumapili, na Jumapili huku Scotland samoni haguswi. Sheria inakataza kumvua kwa mshipi siku hiyo. Nililijua hilo nikiwa tayari ukingoni mwa mto Tay, nimevaa suruali ya mpira ya kuazima inayofika kifuani. Trauti ningeruhusiwa, kwa kibali chake. Lakini mtoto wa Pangani, kwetu pwani ya Tanzania, hadamki alfajiri kwenye baridi ile kwa ajili ya trauti.

Ikabidi nibadilishane zamu kazini, nikarudi Jumamosi moja ya Septemba.

Kwetu unakata leseni halmashauri, unashuka pwani, na bahari haina mlango. Huku leseni ya serikali ya kuvua kwa mshipi karibu haipo kabisa, ila kila kipande cha mto kina mwenyewe. Haki ya kuvua samoni ni mali kama nyumba: inauzwa, inarithiwa, na mwenye nayo si lazima awe ndiye mwenye shamba la ukingoni. Vipande vinavyosifika, katika majuma mazuri, hutoza mamia ya pauni kwa siku. Kwa fedha hizo mjomba wangu, mvuvi kule Pangani, angenunua nyavu.

Unakodi na mwongozaji pia, anaitwa gili, neno la Kigaeli lenye asili ya kijana au mtumishi. Wangu alikuwa mzee, na bosi kwa kweli alikuwa yeye. Alinieleza kitu ambacho bado kinanisumbua: samoni akishatoka baharini na kuingia mtoni kuzaa, huacha kula. Sasa unamvua kwa nini? Unamrushia kindoano kilichofungwa manyoya ya rangi, labda akikasirika au akikumbuka kitu ataking'ata. Sisi tunaweka kipande cha ngisi na kumtega mwenye njaa.

Samoni wangu aling'ata saa nane mchana. Alikuwa wa kilo tatu hivi, mgongo kama chuma kilichosuguliwa. Nilipomleta karibu gili alimchomoa ndoano humohumo majini, akamshika shina la mkia, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akasubiri. Samaki akavuta pumzi mara kadhaa, kisha akatupiga maji akaenda zake. Gili akanipa mkono wa pongezi. Mimi mkono nilitoa, macho yalikuwa mtoni.

Usiku nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umepata?"

Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo umelipa, umemvua, umemrudisha. Nyumbani wamekula nini?"

Nilijitahidi kumwelewesha. Samoni wanaorudi kutoka baharini wamepungua mno; mwaka 2023 wale wa Uingereza, Scotland ikiwamo, waliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kabla ya Aprili mosi kila samoni lazima arudishwe, na baada ya hapo inategemea hali ya mto, ingawa zaidi ya tisa katika kila kumi hurudishwa hata hivyo. Mjomba si mgeni wa mambo haya. Anajua Pemba wanafunga mwamba wa pweza miezi kadhaa ili wakue. "Lakini wale wanafunga wapate kufungua," akasema. "Hao wenzako watafungua lini?"

Sikuwa na jibu, nikamhamishia kwa Georgina Ballantine. Oktoba 1922, akiwa na baba yake kwenye mto huohuo, alimvua samoni wa ratili 64, karibu kilo 29, na rekodi yake ya samoni wa mshipi Uingereza haijavunjwa mpaka leo. Samaki yule alipelekwa hospitali ya Perth, akaliwa.

"Huyo mwanamke ana akili," mjomba akasema. Kwake samaki ambaye hakugawiwa hajavuliwa. Pangani hata mtoto aliyeshika tu kamba ya ngalawa ikivutwa mchangani huondoka na kitoweo chake, kabla mnada haujaanza na mama karanga, wakaanga samaki wetu, hawajaanza kubishana bei.

Kuna jambo sikumwambia. Tangu 2002 samoni aliyevuliwa kwa mshipi haruhusiwi kuuzwa Scotland, kwa hiyo anayejaa madukani ni wa kufugwa kwenye vizimba vya baharini. Nikitoka mtoni Jumamosi ile nilipitia dukani, nikanunua vipande viwili, nikavipika kwa tui.