Hamkuniuliza

Mwaka jana tulikuwa kapita wa mafundi wa matofali. Kila asubuhi tulikuta matofali mabichi yamepasuka. Tukamkaripia mzee anayeyafyatua, mbele ya wenzake, tukimwita mvivu. Yeye akanyamaza.

Usiku tukamkumbuka Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha JOC, chama cha vijana wafanyakazi Wakristu, mwaka 1925. Aliwafundisha mambo matatu: kutazama, kupima, kutenda. Nasi tulikuwa tumehukumu bila kutazama!

Kesho yake tukaketi karibu na yule mzee, tukamwuliza habari za kazi. Akajibu: «Mwalimu, udongo wa shimo jipya unanata mno, tena jua ni kali. Tutie mchanga kidogo, tufunike matofali kwa majani, yakauke polepole.»

— «Mbona hukutuambia?»

— «Hamkuniuliza.»

Tuliona haya. Tukamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia makaripio yetu, tukamwachia yeye kuchagua udongo. Tangu hapo yanayopasuka ni machache.

Ndugu, wewe uliye mkubwa wa kazi, anayenyamaza si mjinga. Pengine anangoja kuulizwa tu.